Endometriosisi na mayai ya uzazi: kwa nini Mbeya na Iringa hatupaswi kusubiri

Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima kuhusu ugumba: namna ya kuuzuia, kuupima na kuutibu. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2023, shirika hilohilo lilikuwa limetangaza kwamba takribani mtu 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kukosa mimba katika maisha yake. Mwongozo unazitaka nchi ziuhesabu ugumba kama ugonjwa mwingine wowote, uingie kwenye mipango ya afya na huduma za kawaida, na usiachwe kuwa siri ya mwanamke na mama mkwe wake.

Kwa mama anayesoma haya akiwa Uyole, Tukuyu, Mafinga au Ilula, swali ni moja: habari hiyo inanigusa vipi? Makala hii inalijibu kupitia ugonjwa mmoja, endometriosisi. Tumeuchagua kwa sababu huanza mapema, mara nyingi kama maumivu ya hedhi ya binti wa shule, na miaka mingi baadaye hujitokeza tena kama mimba isiyokuja. Tutaeleza unachofanya kwa yai, kwa kurutubishwa kwake, na kwa siku za kwanza za mimba. Kisha tutaangalia maelezo hayo yana maana gani kwa mikoa yetu, ambako maabara ya upandikizaji mimba iko mbali lakini zahanati iko karibu.

Endometriosisi ni nini?

Kila mwezi ukuta wa ndani wa kizazi hujijenga kupokea mimba. Mimba isipotunga, ukuta huo hubomoka na kutoka kama hedhi. Kwa mwanamke mwenye endometriosisi, nyama laini inayofanana na ukuta huo huota nje ya kizazi: juu ya ovari ambamo mayai hukaa, kwenye mirija, nyuma ya kizazi, hata kwenye utumbo au kibofu cha mkojo. Vipande hivyo navyo hufuata homoni za mwezi. Huvimba na kuvuja damu, ila damu hiyo haina njia ya kutokea. Mwili huchukulia kuwa pana kidonda, eneo hilo huwaka, na baada ya muda hujengeka makovu yanayovigandisha viungo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani karibu milioni 190 duniani. Dalili zake ni hizi:

- Maumivu ya hedhi yanayomlaza mtu, yasiyotulia kwa dawa za kawaida
- Maumivu ya nyonga au kiuno hata nje ya siku za hedhi
- Maumivu wakati wa tendo la ndoa au baada yake
- Maumivu wakati wa haja kubwa au ndogo, hasa siku za hedhi
- Tumbo kujaa na uchovu usioeleweka
- Kukosa mimba

Wapo pia wasio na maumivu kabisa. Hao hugundua wanapopimwa kwa sababu ya kukosa mtoto.

Huku kwetu huitwa majina mengine

Wengi hawajawahi kulisikia neno endometriosisi. Wanachokijua ni chango. Binti akijikunja kwa maumivu, bibi atasema ni chango la uzazi, na itatafutwa dawa ya mizizi. Akienda duka la dawa ataambiwa ni UTI sugu. Akifika kituo cha afya anaweza kuandikiwa dawa za PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, mara ya kwanza, ya pili, ya tano.

Watoa huduma wana sababu ya kuwaza maambukizi kwanza. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.1 kwa watu wa miaka 15 na zaidi mkoani Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa kweli huziba mirija na kuleta ugumba, na hayapaswi kupuuzwa. Shida huja pale mwanamke anapomaliza dozi, vipimo vinaonyesha hana maambukizi, maumivu yanarudi kila mwezi kwa tarehe zilezile, na bado anapewa dozi nyingine. Mara nyingi anabeba na lawama kwamba amekuwa akitembea ovyo. Maumivu yanayofuata kalenda ya hedhi yanahitaji swali lingine.

Yai huharibika vipi?

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na milioni 2. Anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Hayatengenezwi mengine. Kila mwezi mayai kadhaa huanza kukomaa, kila moja ndani ya kifuko chake chenye maji, na kwa kawaida moja tu hutoka. Hatua za mwisho za ukuaji wa kifuko huchukua karibu miezi mitatu, na wakati huo wote yai hutegemea maji na seli zinazolizunguka zilishe na kulilinda.

Endometriosisi huligusa yai kwa njia tatu.

Kwanza, idadi. Ugonjwa ukiingia ndani ya ovari hutengeneza uvimbe uliojaa damu ya zamani, nzito na ya rangi ya chokoleti. Damu hiyo ina madini mengi ya chuma, nayo huzalisha kemikali kali zinazounguza nyama ya ovari iliyo jirani. Sehemu iliyokuwa na mayai hugeuka kovu. Akiba ya mwanamke hupungua haraka kuliko umri wake unavyotaka.

Pili, mazingira ya yai. Maji ya kifuko cha yai kwa wanawake wenye ugonjwa huu yamekutwa na kemikali nyingi za uvimbe. Seli zinazolilisha yai hufa mapema zaidi, na vinu vidogo vinavyolipa yai nguvu hufanya kazi kwa shida. Ndiyo maana madaktari wanaovuna mayai kwa ajili ya upandikizaji mimba mara nyingi hupata mayai machache zaidi yaliyokomaa kutoka kwa wanawake hawa.

Tatu, mgawanyo wa vinasaba. Kabla ya kurutubishwa, yai lazima ligawe vinasaba vyake sawasawa kwa kutumia nyuzi nyembamba mno. Wanasayansi wa Brazil walilijaribu hili maabara: walikomaza mayai ya ng'ombe katika maji yaliyotolewa kwenye vifuko vya mayai vya wanawake wenye endometriosisi, na nyuzi hizo zikaharibika mara nyingi zaidi. Maabara si mwili wa mwanamke, lakini matokeo hayo yalionyesha kuwa kasoro inaweza kutoka kwenye maji yenyewe.

Kurutubishwa kunazuiwa wapi?

Ili mimba itunge, mrija lazima ulidake yai, mbegu za kiume zipande hadi humo, na moja iingie ndani ya yai. Endometriosisi huweka vikwazo kila hatua. Makovu yanaweza kuugandisha mrija usilifikie yai. Seli za kinga, ambazo huwa nyingi kwenye maji ya nyonga ya mwanamke mwenye ugonjwa huu, hushambulia mbegu za kiume na kuzipunguzia mwendo. Na ikiwa maumivu yanawafanya mke na mume waikwepe ndoa siku zile ambazo yai liko tayari, hicho nacho ni kikwazo halisi.

Wataalamu hutoa makadirio haya: wenzi wasio na tatizo wana uwezekano wa asilimia 15 hadi 20 wa kupata mimba katika mwezi mmoja. Kwa mwanamke mwenye endometriosisi makadirio hushuka hadi asilimia 2 hadi 10. Angalia kwamba hata hiyo si sifuri. Inakadiriwa kuwa asilimia 30 hadi 50 ya wenye ugonjwa huu hupata ugumu wa kushika mimba. Waliobaki hushika, na wengi hawajui hata kama wanao.

Siku tano za mwanzo

Yai likisharutubishwa huitwa kiinitete. Hugawanyika kuwa seli mbili, nne, nane. Katika siku hizi tatu za kwanza kiinitete huishi kwa akiba iliyoachwa na yai. Maelekezo yake chenyewe huanza kufanya kazi kikifika karibu seli nane. Kwa hiyo yai lililodhoofika huonyesha udhaifu wake hapa. Baadhi ya viinitete hugawanyika polepole, vingine husimama, na mama huona hedhi imekuja kama kawaida bila kujua kwamba kulikuwa na kitu.

Kikivuka hadi siku ya tano au ya sita, kiinitete kimekuwa kama tufe dogo lenye maji ndani, tayari kujishikiza kwenye kizazi. Na hapa kuna habari njema isiyosemwa vya kutosha. Watafiti walipovipima vinasaba vya viinitete vilivyofika hatua hiyo katika matibabu ya upandikizaji, walikuta vya wanawake wenye endometriosisi vina kasoro kwa kiwango kilekile cha wanawake wengine wa umri wao. Ugonjwa hupunguza mayai na hupunguza viinitete vinavyofika. Kile kilichofika kina nafasi nzuri.

Je, tatizo liko zaidi kwenye mbegu au kwenye udongo? Mkulima wa Kilolo au Rungwe huuliza hivyo mahindi yasipoota. Madaktari wa Valencia, Hispania, walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa 1994, kwa kuwaangalia wanawake waliopokea mayai ya wengine. Wanawake wenye endometriosisi waliopewa mayai ya wanawake wasio na ugonjwa walishika mimba kama wapokeaji wengine. Mayai yaliyotoka kwa wenye endometriosisi ndiyo yaliyojishikiza kwa uchache. Tangu hapo sehemu kubwa ya lawama imeelekezwa kwenye yai, ingawa ukuta wa kizazi nao wakati mwingine hauitikii vizuri homoni inayouandaa kupokea mimba.

Mwaka 2002 uchambuzi uliokusanya tafiti 22 ulikuta kwamba katika upandikizaji mimba, wanawake wenye endometriosisi walikuwa na uwezekano wa karibu nusu ukilinganisha na wale ambao tatizo lao lilikuwa mirija tu. Mbinu za maabara zimeboreka sana tangu wakati huo na tofauti hiyo imepungua, hasa kwa wenye ugonjwa usio mkali.

Mimba ikitunga, angalia haya

Utafiti wa Scotland uliofuatilia wanawake zaidi ya 14,000 ulionyesha kuwa wenye endometriosisi huharibikiwa mimba mara nyingi zaidi, na hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi kwao ilikuwa zaidi ya mara mbili. Wengi bado hujifungua salama. Lakini kama una ugonjwa huu na hedhi imechelewa, wahi kupima mimba na wahi altrasaundi ya mwanzo.

Nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi, ukipata mojawapo ya haya ukiwa na mimba changa au hedhi imechelewa:

- Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja
- Kutokwa damu ukeni
- Kizunguzungu au kuzimia
- Maumivu ya ncha ya bega yasiyo na sababu

Kinachotugharimu zaidi ni miaka

Ukiyaweka yote haya pamoja, picha inakuwa hii. Endometriosisi haiui uzazi kwa siku moja. Hula akiba ya mayai taratibu, huku umri nao ukiila. Shirika la Afya Duniani linasema kwa kawaida hupita miaka 4 hadi 12 tangu dalili zianze hadi ugonjwa kutambuliwa.

Chukua mfano wa binti aliyeanza kuumia akiwa na miaka 15. Akiwa 18 anaambiwa ni chango. Akiwa 22 anaambiwa akizaa yataisha. Anaolewa akiwa 25, mimba haiji, anazungushwa kwa waganga na dozi za PID hadi 33. Anapofika kwa daktari bingwa, zimepita karibu siku zote ambazo mayai yake yalikuwa mengi na imara. Hakuna dawa inayoyarudisha. Angejulikana akiwa 18 au hata 25, angekuwa na nafasi ya kupanga: kutuliza ugonjwa, kuamua mapema lini atafute mtoto, kuepuka upasuaji usio wa lazima kwenye ovari.

Na shinikizo la kuzaa ni kubwa. Takwimu za afya za taifa za 2022 zinaonyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8. Katika jamii ya namna hiyo, asiye na mtoto huonekana, huulizwa, na wakati mwingine hurudishwa kwao. Maana yake ni kwamba miaka inayopotea inalipwa na mtu mmoja, mwanamke.

Huduma iko wapi?

Mazungumzo ya ugumba huishia haraka kwenye upandikizaji mimba. Kwa Tanzania huduma hiyo imejikita Dar es Salaam, kwa muda mrefu katika hospitali binafsi, na karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo imeingia. Kutoka Iringa ni kama kilomita 500, kutoka Mbeya zaidi ya 800. Matibabu yenyewe hugharimu mamilioni ya shilingi na yanahitaji vipimo vya mara kwa mara ndani ya wiki mbili au zaidi, kwa hiyo nauli ya basi kupitia Kitonga ni sehemu ndogo tu. Kuna malazi, chakula na siku za kazi zinazopotea. Familia nyingi za wakulima hazifiki huko.

Lakini sehemu ambayo sayansi inasema ndiyo yenye faida kubwa, kutambua mapema, haihitaji maabara hiyo. Inahitaji muuguzi wa zahanati anayeuliza swali sahihi, altrasaundi inayofanywa na mtu mzoefu, na daktari wa magonjwa ya wanawake. Hivi vipo. Mbeya kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda pamoja na kitengo chake cha wazazi cha Meta, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Iringa kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na, nje kidogo ya mji, Tosamaganga. Tangu 2024 kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia zimekuwa zikifika hospitali za halmashauri, wakiwemo madaktari wa wanawake na uzazi. Ukisikia tangazo la kambi hiyo wilayani kwako, hiyo ni nafasi ya kumwona bingwa bila kusafiri mbali.

Jambo la pili ni bima. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Mwongozo mpya wa dunia unazitaka nchi zitafute namna ya kugharamia matibabu ya ugumba ili yasimfilisi mgonjwa. Kwa mikoa yetu, swali la kwanza la kumuuliza diwani, mbunge na ofisa wa bima liwe dogo na la vitendo: je, kifurushi changu kinalipia kumwona daktari wa wanawake, altrasaundi, na dawa za kutuliza ugonjwa huu? Hayo yakilipiwa, mabinti wengi watatambuliwa kabla hawajahitaji kwenda Dar es Salaam.

Dawa na upasuaji: uliza kabla ya kukubali

Vidonge vya majira, sindano na vijiti hutumika kutuliza endometriosisi. Haviharibu kizazi wala haviui mayai. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba hurudi, ingawa kwa sindano unaweza kuchukua miezi kadhaa, hata karibu mwaka. Ila havisaidii kupata mimba. Kama unatafuta mtoto sasa, mwambie daktari asikuweke kwenye dawa hizo ukidhani zinakuandaa.

Upasuaji una faida na gharama. Kwa ugonjwa usio mkali, upasuaji wa matundu madogo unaoondoa vipande hivyo unaweza kuongeza nafasi ya mimba. Kwa uvimbe ulio ndani ya ovari, kisu huweza kuondoa na mayai mazima. Mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Ulaya wa 2022 haupendekezi kuukata uvimbe huo kama desturi kabla ya upandikizaji, kwa kuwa haujaonyesha kuongeza watoto wanaozaliwa. Maumivu makali au shaka ya saratani ni sababu nyingine, na daktari atakueleza.

Dawa za kusafisha kizazi, ziwe za kunywa au za kuweka ukeni, haziwezi kufika kwenye ovari wala kuondoa makovu. Za kuweka ukeni zinaweza kuunguza na kuleta maambukizi ambayo huna. Vilevile usinunue vidonge vya kupevusha mayai dukani bila kupimwa.

Kuzaa si tiba. Maumivu yanaweza kutulia wakati wa ujauzito, kisha yakarudi. Kumwozesha binti ili apone ni kumwongezea mzigo.

Baba naye apimwe

Katika karibu nusu ya wenzi wasiopata mimba, mwanamume ana mchango katika tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi na cha bei ndogo ukilinganisha na upasuaji. Mwanamke asifunguliwe tumbo kabla mumewe hajatoa sampuli.

Waliosema hadharani

Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, alijitokeza kueleza kuwa ana endometriosisi na kwamba alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi. Aliwaambia Watanzania kuwa maumivu ya hedhi yanayomlaza binti si ya kawaida. Mwaka 2017 alitangaza kuwa amejifungua mtoto wa kiume. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai, ambaye ugonjwa wake ulifika hadi kifuani, alipaza sauti kwa miaka hadi alipofariki Juni 2024. Habari zao mbili zinatuonyesha kuwa ugonjwa huu haufanani kwa wote, na kwamba kuuchukulia kama aibu kunaua taarifa ambayo mwingine angeihitaji.

Cha kufanya kuanzia wiki hii

Kama una binti:

- Muulize kama hedhi inamfanya akose shule au ashindwe kula. Ikiwa ndivyo miezi mitatu mfululizo, mpeleke kituo cha afya.
- Msaidie kuandika tarehe za hedhi na siku za maumivu kwenye daftari. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.
- Kama hajaanza kujamiiana, altrasaundi hufanywa juu ya tumbo. Hakuna anayemwingizia kitu.

Kama unatafuta mtoto:

- Nenda kupimwa baada ya mwaka 1 wa kujaribu. Ukiwa na miaka 35 au zaidi, nenda baada ya miezi 6. Kama una dalili tulizotaja, usisubiri muda huo.
- Nendeni wawili.
- Anza vidonge vya foliki kabla ya mimba.

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma:

- Maumivu yangu yanafuata hedhi na nimeshatumia dawa za maambukizi. Je, inaweza kuwa endometriosisi?
- Altrasaundi imeonyesha nini kwenye ovari zote mbili? Kumbuka kuwa altrasaundi safi haiondoi ugonjwa, kwa sababu vipande vidogo havionekani.
- Akiba yangu ya mayai ikoje kwa umri wangu?
- Ukinifanyia upasuaji, utaathiri vipi mayai yangu?
- Kama huwezi kunisaidia hapa, unanipa rufaa kwenda wapi?

Swali hilo la mwisho usiliache. Omba barua ya rufaa iandikwe siku hiyohiyo, na ubaki na nakala ya vipimo vyako vyote.

Na kama wewe ni mama mkwe, shangazi au wifi wa mwanamke ambaye bado hajapata mtoto, unaweza kumsaidia kwa jambo moja: msindikize hospitali, na umwombe mwanao naye aende.